Wali wa Mitchelle

Kawangware, Nairobi
Jumamosi asubuhi, Agosti, shule zimefunga jana

Mdogo wangu Valentine,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha leo, mimi huku na wewe huko Kimilili. Mgongo umekuacha tangu mmalize kupalilia lile shamba la juu? Na mumeo Nalianya, bado anasema kikohozi chake ni cha vumbi tu? Mama naye mwambie dawa ya presha si peremende, haimezwi kwa hamu, inamezwa kwa saa. Sisi huku tu wazima. Kifua changu kinapiga filimbi kidogo jioni kwa sababu ya unga wa mifupa, lakini hilo umelijua miaka mingi, si la kukukosesha usingizi.

Sasa nisikilize kabla hujageuza ukurasa. Nimemwagiza Mitchelle akupe barua hii mkiwa nje, kabla hajakanyaga kizingiti chenu. Mketishe kwenye ile benchi ya nje ya jikoni, mpe chai na kitu cha kutafuna, maana njiani hatakuwa amekula. Ukimwona anakunja uso akikutazama, usidhani ni dharau. Hilo nalo nitalifikia. Halafu usome mpaka mwisho. Kuna jambo nililitenda kule Japani mwezi wa kwanza linalomhusu mtoto wako, na ukishalijua, wewe na mama mtaamua aingie nyumbani namna gani, na shule zikifunguliwa kama utanirudishia au hapana. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaiweka spika na boma lote linasikia. Halafu mdomo wangu nimeacha kuuamini. Mkono angalau hauna haraka.

Niliporudi uliniuliza Japani kukoje, nikakwambia ni baridi na usafi, nikabadilisha maneno. Uliniambia nimekuwa na maringo ya ndege. Hayakuwa maringo.

Kazi yetu ya Kibera unaijua. Mimi ndiye ninayetoka huku Kawangware alfajiri nikipitia machinjio ya Dagoretti kuchagua pembe na mifupa ya miguu, na wale vijana wa machinjioni wananiita Mama Supu ingawa sijawahi kupika hiyo mifupa. Nikifika kwa banda letu pale Makina tunachemsha, tunakata, Okello anachonga, mimi na Adhis tunasugua kwa msasa mpaka mfupa unang'aa kama jino la mtoto. Tuko watu kumi na wanne. Madam Kaveke ndiye mwenye kikundi. Yeye ndiye anayejua kuandika barua pepe na kupokea wageni.

Mwaka jana walikuja wageni watatu kutoka mji unaoitwa Sabae. Hao hawakufanana na wageni tuliowazoea. Hawakubeba pipi. Hawakupiga picha mtaro. Walibeba rula za chuma na wakaanza kupima. Mama mmoja kati yao, mnene kidogo, nywele nyeupe, jina lake Kubota, aliokota pembe iliyosuguliwa, akainusa, akaikunja kidogo, akaipeleka shavuni kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto. Okello akaninong'oneza kwamba huyu mama akiendelea hivyo tutamlipisha mahari. Walikuwa watu wa miwani. Walitaka vile vipande vya mwisho wa mkono wa miwani, vinavyokaa nyuma ya sikio, vichongwe kwa pembe ya Kibera. Vikikubaliwa, ndani ya kila mkono mmoja kungepigwa muhuri wa jina la mji wao, na mkono wa pili jina la mji wetu. Sabae huku, Kibera huku. Okello alilirudia hilo siku nzima. Alisema Kibera imeandikwa kwa magazeti, kwa ripoti na kwa kuta za choo, lakini kwa sikio la mtu bado.

Wakaomba watu wawili waende kwao siku tisa kuonyesha kazi na kuzungumza. Nikachaguliwa mimi na Okello. Karatasi za Okello zikarudishwa, kitambulisho kina jina moja na cheti cha kuzaliwa kina jingine, na mambo ya kurekebisha unajua yanavyokwenda. Nikaenda peke yangu. Aliniambia, dada, nenda, mdomo unao. Waambie tu mfupa ni wa ng'ombe, si wa mpangaji. Alikuwa amekata jozi thelathini za mfano kwa vipimo vyao vyenyewe. Akazifunga kwa gazeti, akaziweka juu ya kabati, zingoje neno langu.

Valentine, ule mji ningekuwa na akili ningeurudisha nyumbani kichwani na kumwambia kila mtu. Uko upande wa Japani unaopata theluji nyingi, mkoa wanauita Fukui. Si mkubwa. Watu wake hawafiki elfu sabini, nadhani Kawangware peke yake tunawazidi. Lakini katika fremu kumi za miwani zinazotengenezwa nchi yao yote, tisa na zaidi zinatoka hapo, na hakuna mtu wa mji ule asiyelijua hilo. Ukishuka stesheni unakutana na miwani. Iko kwenye vibao, iko kando ya barabara, na juu ya jengo moja refu wamesimamisha miwani nyekundu kubwa, utadhani jengo lenyewe linasoma gazeti. Katikati ya lami wameweka vibomba vidogo vinavyorusha maji ili theluji iyeyuke, na maji yale yana kutu, kwa hiyo barabara zimekuwa nyekundu. Siku ya kwanza niliziona nikakumbuka njia ya kwenda kwetu mtoni, machozi yakanitoka kidogo.

Nilidhani nitaona kiwanda kimoja kikubwa. Viwanda viko, lakini zaidi nilipelekwa nyumba kwa nyumba. Nyumba hii wanatengeneza bawaba peke yake, baba, mkwe na mjukuu, vizazi vitatu. Ya pili wanachomelea pale panapokaa puani. Ya tatu ni Mama Kubota mwenyewe, mjane, chumba cha nyuma ya jiko, anang'arisha tu, kama mimi. Fremu moja inapita hatua mia mbili na kitu, ikitoka mkono huu ikienda ule. Hata wakisalimia wanajitaja kwa sehemu zao: mimi ni wa bawaba, mimi ni wa skrubu, mimi ni wa kung'arisha. Nami Mama Kubota akaniketisha kwenye kigoda chake, akanipa fremu nisugue. Akatazama vidole vyangu. Akasema neno moja, na Nzomo akacheka. Nzomo ni kijana wetu Mkamba anayefanya kazi kule miaka minane, ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Akaniambia mama amesema, hivi vidole vimefiwa na kucha kama vyangu.

Niliipenda sana ile siku. Laiti wangenirudisha nyumbani jioni ile.

Na walinieleza mji ulivyoanza. Wazee wao walikuwa wakulima wa mpunga, maskini. Theluji ikishuka shamba linalala miezi, na watu wanakaa ndani na njaa yao. Mwaka wa 1905 mtu mmoja wa kijiji cha karibu akawaita mafundi kutoka Osaka waje wafundishe vijana kutengeneza fremu, kazi ya ndani isiyongoja jua. Ndipo ikaenea mpaka ikawa mji. Hata watoto wa shule wanaisimulia. Hawaionei aibu ile njaa, wala hawaiuzi. Wanaitaja mara moja, kama mtu anayekuonyesha mlango alioingilia, halafu wanakushika mkono kukupeleka kwa kazi.

Siku ya sita wakakusanyika ukumbi wa mtaa, mafundi kama arobaini, viatu nje, chai ya kijani isiyo na sukari wala maziwa, nikainywa kama dawa. Kwao mtu akisimama anataja kwanza mji wake na unachojua kufanya, halafu ndipo anajitaja mwenyewe. Yule mzee wa bawaba akasimama, akainama, akasema kwamba wao walifundishwa na theluji. Halafu akanigeukia, akauliza kwa upole kabisa, Kibera ilifundishwa na nini?

Mdogo wangu, miaka ishirini nimepokea wageni na hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Jibu lake nimelipata baadaye, nikiwa nimelala, nikiwa natembea, hata nikiwa kanisani watu wanaomba. Ningesema tumefundishwa na mabaki. Nairobi inakula nyama, sisi tunapewa mfupa, na kwa ule mfupa tumelipa karo na kuzika wazee wetu kwa heshima. Okello angesema hivyo. Angeongeza na utani, ukumbi ungecheka, na tungekuwa na kazi.

Lakini mimi nilishafundishwa jibu jingine, na hapo lazima nikueleze jambo ambalo sijawahi kukwambia kwa aibu. Madam Kaveke, kila wageni wakikaribia, alikuwa anatupanga. Shida kwanza, alikuwa anasema, kazi baadaye. Mgeni akicheka hatoi, akilia anatoa. Kila mtu akapewa sehemu yake ili tusirudie. Okello alikuwa mtu wa moto, nyumba yake iliungua mwaka ule tulipoanza kikundi. Seline alikuwa mtu wa ugonjwa. Mimi nilikuwa mtu wa choo. Usicheke, au cheka tu, hata sisi tulikuwa tunacheka wakishaondoka. Okello alikuwa ananiita Mheshimiwa Waziri wa Choo. Na Adhis alikuwa mtu wa mtoto. Yeye ndiye aliyefiwa kweli, msichana wa miaka kumi na mmoja, kuhara siku mbili, maji yale ya bomba lililopita kwenye mtaro. Alikuwa anasimulia mwishoni. Baada yake hakuna mgeni aliyeuliza swali.

Basi niliposimama mbele ya wale mafundi, nikaona sura arobaini zimenigeukia zinangoja, ulimi ukashika njia unayoijua. Nikaanza na choo. Nikaenda kwa maji, nikaenda kwa moto, ugonjwa, vita vya uchaguzi, nyumba zilizobomolewa usiku. Shida za watu kumi na wanne zikatoka kwa mdomo mmoja. Nzomo alikuwa anatafsiri, na katikati akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, mama, una uhakika? Nikamwambia, endelea, si ni ukweli? Na mengi yalikuwa ukweli, Valentine. Hilo ndilo linalouma. Nilikuwa nimeulizwa juu ya mikono yetu, nikawajibu kwa vidonda.

Mzee wa bawaba aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Siku zilizobaki hakuna aliyekuja na rula. Walikuja na blanketi.

Mwezi wa tatu Madam Kaveke akapata barua. Mafundi walikuwa wamekaa wakakubaliana kwamba haingekuwa utu kuwawekea tarehe na vipimo watu wanaoishi katika huzuni ya namna ile. Kazi ingoje. Kwanza watusaidie. Yakaja masanduku: makoti ya theluji, blanketi, na miwani kuukuu mia sita ya wazee wao. Okello alivaa koti moja likamfika magotini, akatembea mbele ya banda kama askari wa zamani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu akalivua, akalikunja vizuri, akauliza, na oda? Tangu siku hiyo akawa anasema Wajapani ni waongo kama wengine wote. Zile jozi thelathini zikabaki juu ya kabati, gazeti likageuka rangi. Na mimi nilikaa karibu naye miezi minne nikisugua, nikimsikia akiwatukana watu ambao hawakumkosea, nikasema tu, eh, dunia.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu haitaki.

Pale ukumbini, nilipomaliza, Mama Kubota alikuja akaketi karibu nami. Akaniuliza kama nina watoto. Nikafungua simu nimwonyeshe. Unajua Mungu hakunipa wangu, na picha niliyonayo ni ile ya Mitchelle siku aliyomaliza darasa la sita, ana ile sweta ya kijani, anakunja uso kwa jua. Mama Kubota akaishika simu kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa yale niliyosema. Na mimi, mdogo wangu, mimi ninayeshika Biblia kila Jumapili kwa kanisa la Friends pale Riruta, mimi niliyemwosha huyo mtoto kwa beseni, nikaona yale machozi na nikajua kwa mazoea kwamba bado sehemu moja haijasemwa. Ya mwisho. Sehemu ya Adhis.

Nikamwambia Nzomo amwambie kwamba huyu alikuwa mtoto wetu. Alikuwa. Kuhara siku mbili. Maji ya mtaro.

Kifo kilikuwa cha Adhis, uso ulikuwa wa mtoto wako. Hakuna aliyenilazimisha. Njaa haikuwepo, nilikuwa nimeshiba samaki. Madam Kaveke alikuwa mbali, kuvuka bahari. Ni mimi.

Akaomba ile picha na jina. Nikamtumia.

Na sikiliza uchungu wa hilo. Unakumbuka mwalimu wa Mitchelle aliandika kwa ripoti kwamba ameketishwa dawati la mbele na bado ananakili kwa jirani? Wewe uliniuliza, nami nikakwambia ni uvivu, watoto wa siku hizi. Haukuwa uvivu. Haoni ubao. Nilikuwa nimesimama katikati ya mji wa miwani, mbele ya watu arobaini ambao kazi yao maisha yote ni kumwezesha mtu kuona, nina mtoto asiyeona ubao, na badala ya kusema hivyo nikasema amekufa. Ukweli mdogo ungetosha. Nikaupita nikaenda kuiba uongo wa mtu mwingine ambao kwake haukuwa uongo.

Nilidhani yameisha. Mwezi uliopita, Jumanne, likaja sanduku dogo lililoandikwa kwa jamaa ya Mitchelle, na Madam Kaveke akampa kijana wa bodaboda alilete hapa nyumbani. Mitchelle alikuwa amefika kutoka shule kabla yangu. Aliona jina lake, akafungua. Nani angemlaumu?

Ndani mlikuwa na kikasha cha miwani. Fremu ndogo, ya mtoto, nyuma ya sikio imemalizwa kwa pembe, ile ile pembe yetu ambayo Mama Kubota alibeba alipokuja, ameing'arisha mwenyewe mpaka unajiona ndani yake. Alikuwa ameitengeneza kwa kukisia uso kwa picha. Na gazeti dogo la mafundi wale, lina picha ya madhabahu ya nyumbani kwake. Kwao kila nyumba ina mahali pa wafu wao. Hapo juu, karibu na picha ya mumewe, yuko Mitchelle na sweta ya kijani, mbele yake kibakuli cha wali na kikombe cha chai. Chini Nzomo alikuwa ameongeza mistari ya Kiingereza: kwamba kila asubuhi kabla ya kuanza kazi Mama Kubota anamwekea mtoto wa Kibera wali wa moto, na kwamba ametutangulizia miwani tuitunze, mwisho wa Agosti atakuja Kenya aiweke kaburini kwa mkono wake.

Nilimkuta ameketi kitandani, lile gazeti liko mapajani, amelileta karibu na pua ili asome. Hakulia. Aliniuliza, mama mkubwa, nilikufa na nini?

Nikaanza kujieleza. Akaniuliza tena, na nilikufa lini, ili nijue nina miaka mingapi. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoishi. Nikimwita aje kula ananijibu, marehemu hali, marehemu ana wali wake Japani. Nikimtuma dukani anasema, tuma walio hai. Majirani wanacheka, wanadhani ni hii michezo ya vijana wa sasa, ati kudedi, kujifanya umekufa. Mimi naingia nyuma ya pazia nalia kwa kanga ili asinisikie, maana hata kilio changu nilikiuza.

Nilienda banda nikawaambia wote, mchana, kazi ikiendelea. Madam Kaveke alininyamazisha, akasema tusiharibu, Lang'ata makaburi ni mengi, mgeni haoni tofauti, tutamwonyesha moja lenye msalaba mzuri. Okello aliweka msumeno chini. Hakupaza sauti. Alisema, sisi tulikutuma kazi, wewe ukatuletea matanga. Halafu akapanda kwenye kiti, akazichukua zile jozi thelathini juu ya kabati, akaenda nazo nyumbani kwake mtaa wa Ayany chini ya kwapa. Mpaka leo hajaniita dada. Lakini aliyenimaliza ni Adhis. Aliliomba lile gazeti, akaitazama ile picha ya wali muda mrefu. Akasema polepole, wangu hakuna mtu aliyewahi kumwekea wali. Akarudi kusugua.

Usiku huo sikungoja ruhusa ya mtu. Nilimtumia Nzomo ujumbe wa sauti, nikamwambia kila kitu, nikamwomba amwambie Mama Kubota hakuna kaburi, mtoto ni mzima, mwongo ni mimi. Siku nne kimya. Ya tano akanijibu. Alisema alikwenda kwake na mkewe, wakapiga magoti, akamwambia. Mama Kubota aliinuka, akaitoa picha ya Mitchelle pale kwa wafu, akakimwaga kile kikombe cha chai, akaketi. Halafu akacheka na kulia pamoja. Akasema Mungu wao na wangu ashukuriwe. Agosti haji, kwa sababu alikuwa anakuja kuona kaburi na kaburi halipo. Juu ya kazi hawezi kusema neno. Mafundi wengine watasema, na bado hawajasema. Lakini ameomba kitu kimoja. Kwa kuwa mtoto yu hai, ile fremu aliyokisia haitamkaa sawa. Tumtumie vipimo: kutoka sikio mpaka sikio, na katikati ya macho.

Angenitukana ningelala. Hiyo huruma ndiyo imenivua nguo.

Nilichukua rula nikamwendea Mitchelle. Alirudi nyuma mpaka ukutani. Akasema, usinipime. Nikambembeleza, nikamwambia ni ili aone ubao. Akasema hiyo miwani si yake, ni ya yule mtoto aliyekufa, tumpe mwenyewe. Na hapo, Valentine, akalia kwa mara ya kwanza, akasema anataka kwenda kwa mama yake.

Kwa hiyo ndiye huyo hapo kwenye benchi.

Unakumbuka kukhu, bibi yetu, alivyokuwa akisema, kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai hapiti mlangoni kama mtu wa kawaida. Lazima boma limpokee upya, wazee waseme neno, damu ya kondoo imwagike, la sivyo kile kifo kilichotajwa kinaendelea kumtafuta. Wewe na mimi tulikuwa tunacheka, tuliokoka mapema. Mchungaji hapa nimemuuliza, akasema maombi yanatosha. Mimi nimeomba, na bado nimeogopa. Mtoto wako ameliliwa mbele ya watu arobaini, amewekewa wali wa wafu miezi sita, na aliyemtangaza ni damu yake. Siwezi kukushauri. Mama aamue, iwe kondoo au maombi au vyote viwili. Nitakubali nikiambiwa nisije kwenye hiyo shughuli. Nitakubali pia ukimweka shule ya huko huko. Lakini usiache kumpeleka kupimwa macho, hata kama utaniacha mimi.

Miwani nimeiweka chini kabisa ya mfuko wake, chini ya sukari ya mama, bila yeye kujua. Usimlazimishe. Labda siku moja ataiona tu ni miwani.

Msalimie Nalianya, mwambie asiniapize kabla hajamaliza kusikia. Msalimie mama, umshike mkono unapomsomea. Salimia kanisa, wasikwambie wananiombea wakati hawajui wanachoombea. Na wewe mwenyewe, mdogo wangu, nakusalimu kwa unyonge kuliko nilivyowahi kukusalimu.

Neno moja tu. Ukimaliza kusoma, simama uende pale kwenye benchi, umwite jina lake kwa sauti, jina lote, jirani wasikie. Kwangu ameacha kuitika. Ukiliita mara ya kwanza akanyamaza, liite tena.

Ni mimi dada yako, aliyekosa,
Nasipwondi